Sauti Mbili, Amplifaya Mbili

Mhadhara kwa wapiga magitaa na mafundi mitambo



Wimbo wa dansi ukishaingia kwenye chemko, ile sehemu yake ya kasi, gitaa la solo haliendi peke yake. Kuna gitaa jingine linaloandamana nalo. La kwanza likipanda, nalo linapanda. Likishuka, nalo linashuka. Na kati yao kuna ule umbali ambao kila mwanakwaya anaujua tangu utotoni. Wa kwanza anashika do, mwenzake anashika mi. Huyu akienda re, yule anakwenda fa. Tuuite umbali huo tatu, maana ukihesabu do, re, mi umepata tatu. Magitaa ya bendi ya Mlimani Park yalitembea hivyo, na ya Juwata vilevile, na ya akina Kinyonga waliotoka Tanga wakaenda kuanzisha Simba Wanyika kule Kenya. Wakongo wakaongeza gitaa zima katikati ya solo na rithimu, wakaliita mi-solo. Utamu unaotuinua kwenye viti unakaa kwenye nafasi iliyo kati ya magitaa hayo.

Wenzetu wa roki nao waliugundua utamu huo. Duane Allman na Dickey Betts walipiga solo za pamoja katika Allman Brothers Band tangu 1969. Don Felder na Joe Walsh walifanya hivyo mwishoni mwa "Hotel California" ya Eagles mwaka 1976, na sijui mpiga gitaa wa hotelini ambaye hajawahi kuombwa apige kipande kile. Brian May wa Queen hakuwa na mwenzake wa gitaa, kwa hiyo alijirekodi mwenyewe studioni, gitaa juu ya gitaa, hadi likawa kwaya.

Leo bendi nyingi zina mpiga gitaa mmoja. Kwaya ya kanisani ina mmoja, kikundi cha harusi kina mmoja, hotelini mara nyingi ni mmoja na mpiga kinanda. Huyo mmoja anajinyima, ananunua kifaa cha efekti cha kukanyaga kwa mguu, na ndani yake anakuta vitu viwili vinavyomsisimua: hamoni, ambayo anapiga noti moja zinatoka mbili, na amplifaya maarufu za dunia zilizoigwa kwa hesabu za kompyuta. Anawasha vyote. Anachagua amplifaya yenye mkwaruzo mkali, anaweka hamoni ya tatu, anapiga solo, na kinachotoka ni vurugu. Baada ya hapo anazima hamoni na hairudii tena, akiamini kwamba ni mchezo wa watoto.

Nimekuja kuitetea hamoni hiyo. Naamini inafaa jukwaani na studioni, kwa sharti moja ambalo mara nyingi halielezwi vya kutosha kwenye vijitabu vya maelezo: kila sauti ipewe amplifaya yake. Ili sharti hilo lieleweke, inabidi tuingie ndani ya mashine kidogo.

Mwaka 1975 kampuni ya Eventide ya Marekani ilitoa H910, kifaa cha kidijitali cha kupandisha na kushusha sauti bila kubadili mwendo wake. Mteja wa mwanzo hakuwa mwanamuziki. Kilikuwa kituo kimoja cha televisheni cha New York, kilichokuwa kinarudia vipindi vya zamani vya I Love Lucy kwa kuvikimbiza kidogo ili kupata nafasi zaidi ya matangazo ya biashara. Waigizaji wakawa wanasikika na sauti nyembamba, na H910 ikazishusha kurudi mahali pake. Wanamuziki hawakuchelewa. Ila kifaa kile kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa kwa mtu anayetaka hamoni: kilipandisha kila noti kwa kiasi kilekile.

Hapo walimu wa kwaya mmeshaliona tatizo. Kutoka do hadi mi ni nusu toni nne. Kutoka re hadi fa ni tatu. Mi hadi so, tatu. Fa hadi la, nne. So hadi ti, nne. La hadi do ya juu, tatu. Ti hadi re, tatu. Masikio yetu yanaziita zote tatu na yanaziona za ukoo mmoja, lakini urefu wake haulingani. Ukiiagiza mashine ipandishe nusu toni nne daima, do inapata mi, sawa kabisa. Re nayo inapata fa iliyoinuliwa, ambayo haimo kwenye wimbo. Msikilizaji asiyejua noti hata moja atakunja uso.

Ilichukua zaidi ya miaka 10 kulitatua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Eventide ilileta H3000, ambayo mpigaji aliiambia yuko kwenye ufunguo gani, nayo ikachagua nusu toni tatu au nne kulingana na noti aliyoipiga. Mpiga gitaa Steve Vai aliitumia kwenye "Ballerina 12/24", katika albamu ya Passion and Warfare ya mwaka 1990. Ilikuwa mashine ya kufungwa kwenye rafu za studio, na bei yake ilikuwa ya studio. Leo kazi hiyohiyo inafanywa na vifaa vinavyoingia kwenye mfuko wa gitaa, na baadhi yavyo vinatumia betri za kawaida za tochi.

Angalieni mashine inavyofanya kazi, kwa sababu makosa yetu mengi yanaanzia hapa. Kwanza inasikiliza uzi wako na kupima wimbi moja linachukua muda gani. Uzi mnene wa E ukiwa wazi unatikisika kama mara 82 kwa sekunde, yaani wimbi moja linachukua takriban milisekunde 12. Uzi mwembamba wa E unatikisika mara 330, wimbi moja ni milisekunde 3. Mashine haiwezi kulitaja jina la noti kabla haijaona angalau wimbi zima, na ndiyo maana hamoni kwenye nyuzi nene inasikika imechelewa na kubabaika, na kwenye nyuzi nyembamba inashika mara moja. Ikishaijua noti, inaangalia kwenye jedwali la ufunguo uliouchagua, inapata noti mwenza, kisha inaisoma sauti yako kutoka kwenye kumbukumbu kwa kasi kubwa zaidi au ndogo zaidi ili iifikishe pale.

Kutokana na hilo mnaweza kujijibia maswali mengi wenyewe. Mashine inahitaji noti moja moja. Ukigusa nyuzi mbili kwa pamoja, haijui itaje ipi. Ukiacha uzi wa jirani ukiendelea kulia wakati unapiga solo, unaichanganya. Kwa hiyo mkono wa kulia ulale karibu na daraja, uzizime nyuzi zisizotumika. Kidole cha mkono wa kushoto kiguse kidogo uzi wa juu yake. Nimewaona vijana wakibadilisha kifaa baada ya kifaa wakitafuta hamoni isiyobabaika, kumbe kilichohitajika ni usafi wa mkono. Wapiga solo wa dansi wana faida hapa kuliko wapiga roki. Sauti safi yenye noti zinazohesabika moja moja ndiyo shule yao.

Jambo jingine: mashine inapenda kusikia gitaa likiwa bado safi, kabla ya mkwaruzo. Kwa hiyo mahali panapoifaa kusikiliza ni mwanzo wa mnyororo, karibu na gitaa lenyewe. Lakini ukiiweka pale, sauti zote mbili, yako na ya mwenzako wa bandia, zitaingia kwenye amplifaya moja. Hapo ndipo vurugu inapozaliwa.

Naomba tusikilize. Napiga C ya kituo cha 8 kwenye uzi mwembamba, na mashine inaniongezea E iliyo juu yake. Amplifaya niliyoichagua ni safi. Mnasikia? Zinapendeza. Sasa naongeza mkwaruzo kidogo kidogo, hamoni sijaigusa. Sikilizeni kule chini. Kuna noti ya tatu inayounguruma, ambayo si C wala si E, na mimi sikuipiga.

Noti hiyo inatoka kwenye hesabu rahisi. C hiyo inatikisika mara 523 kwa sekunde, E mara 659. Amplifaya safi inazikuza zote mbili bila kuzichanganya. Amplifaya yenye mkwaruzo inavikata vilele vya mawimbi, na inapokata mawimbi mawili yaliyopanda pamoja, inatengeneza sauti mpya: jumla yao na tofauti yao, pamoja na nyingine nyingi. Tofauti hapa ni 136. Tafuteni 136 kwenye gitaa lenu, hamtaipata. C ya chini ni 131, C iliyoinuliwa ni 139, na huyu mgeni amekaa katikati yao, hana pa kukaa kwenye wimbo. Nikihamia D, mashine ikanipa F, mgeni anahamia 111, jirani wa A lakini juu yake kidogo. Kwa hiyo kila noti ya solo yangu inazaa besi yake isiyo kwenye ufunguo, na mpiga besi wetu anapigana nayo bila kujua anapigana na nani.

Mtu ataniuliza: mbona wapiga roki wanapiga noti mbili kwenye mkwaruzo mkali kila siku na zinatoka nzuri? Wanapiga do na so. Chukua A ya 220 na E ya 330 kasoro kidogo: tofauti yao ni takriban 110, nayo ni A yenyewe, chini kwa oktava moja. Mgeni anayezaliwa ni wa nyumbani, anaongeza unene. Tatu haina bahati hiyo, kwa sababu kwenye gitaa letu, kama kwenye piano, tatu ya nusu toni nne imepanuliwa kidogo kuliko kipimo chake cha asili, na ya nusu toni tatu imebanwa kidogo, ili funguo zote zipate kupigika. Sauti safi inayasamehe mabadiliko hayo. Mkwaruzo haujui kusamehe.

Rudini sasa kwa Felder na Walsh, au kwa mpiga solo na mwenzake wa bendi yoyote ya Dar es Salaam ya miaka ya 1980. Wale walikuwa watu wawili, magitaa mawili, amplifaya mbili. Kila noti ilikuzwa na kukwaruzwa peke yake, na zikakutana hewani, na hewa kwa sauti zile inajumlisha tu bila kukata kitu. Mashine nayo inaweza kufanywa hivyo. Vifaa vingi vya leo vinaruhusu kuligawa gitaa njia mbili ndani yake. Njia ya kwanza inakwenda kwenye amplifaya ya kwanza bila hamoni. Njia ya pili inapita kwenye hamoni, na hamoni imewekwa itoe noti mwenza pekee bila noti yako ya asili, kisha inaingia kwenye amplifaya ya pili. Zinakutana mwishoni. Nabadilisha mpangilio... napiga tena C ileile, mkwaruzo uleule. Yule wa 136 ameondoka.

Kama kifaa chako hakina njia mbili, iweke hamoni baada ya amplifaya. Hilo linawezekana na wengi wamelifanya, ila kuna gharama yake. Hamoni ikipandisha sauti iliyokwisha kupita kwenye spika, inaipandisha na tabia ya spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 ina mahali inapovuma na mahali inapokata, na masikio yetu yanaitambua kwa hayo. Ukipandisha yote kwa nusu toni nne, yule mwenzako anasikika amepigia kwenye spika ndogo ya redio. Kwa hiyo iweke baada ya amplifaya na kabla ya kasha la spika, kama kifaa kinakuruhusu kuvitenganisha viwili hivyo.

Hapo nimetaja amplifaya na kasha la spika kama vitu viwili, na inabidi nieleze uigaji huu ni kitu gani.

Amplifaya ya gitaa haikukusudiwa kuwa chombo cha muziki. Leo Fender alikuwa fundi wa redio huko California, na Bassman yake ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma mwenye duka London; mafundi wake waliichukua saketi ya Bassman mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakabadilisha vali na spika kwa zilizopatikana Uingereza, ikazaliwa Marshall. Wapigaji waliposukuma sauti mpaka vali zikashindwa, kasoro ile ikawa ladha. Kila vali inakata wimbi kwa namna yake; transfoma inaongeza yake; umeme wa ndani unayumba noti kubwa ikipigwa na kurudi taratibu, na mpigaji anausikia myumbo huo kwenye vidole. Kisha spika inaondoa karibu kila kitu kilicho juu ya mitikisiko 5,000 hivi kwa sekunde. Kuiga amplifaya ni kuandika hesabu ya hatua hizo zote na kuipitisha sauti ndani yake mara 44,100 au 48,000 kila sekunde.

Uigaji ulianza kwa vipande vya umeme, bila kompyuta. Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi aliyesomea MIT, alileta Rockman mwaka 1982, kisanduku cha kuvaa kiunoni na kusikilizia kwa hedifoni. SansAmp ya Andrew Barta ikafuata mwaka 1989. Roland wakaingia na uigaji wa kidijitali kwenye VG-8 mwaka 1995, Line 6 wakatoa POD mwaka 1998, na tangu hapo amplifaya 15 au 30 zikaweza kukaa mezani. Kemper mwaka 2011 ilikuja na wazo tofauti: badala ya kuandika hesabu ya amplifaya fulani, inaipelekea amplifaya yako mwenyewe sauti za majaribio, inasikiliza majibu, na kuihifadhi tabia yake. Baada ya hapo zikaja zinazojifunza kwa mitandao ya neva ya kompyuta inayofunzwa kwa mifano. Mimi nasema wazi kwamba kwa mtu anayepiga dansi au kwaya, mjadala wa ipi inaiga zaidi hauna uzito mkubwa. Kifaa cha bei nafuu kikipangwa vizuri kitapendeza kuliko cha bei ya pikipiki kilichopangwa ovyo.

Na kosa linaloharibu zaidi ni la spika. Hesabu ya uigaji ina kasha la spika ndani yake. Ukikichomeka kifaa kwenye mikisa, spika hiyo ya hesabu lazima iwashwe, kwa sababu spika za jukwaani zinatoa kila kitu, na gitaa lenye mkwaruzo bila spika yake linachoma masikio. Ukikichomeka mbele ya amplifaya halisi ya gitaa, izime spika hiyo, kwa sababu kule kuna spika nyingine tayari, na sauti iliyopita kwenye spika mbili inatoka imefunikwa blanketi. Vifaa vya Boss, kwa mfano, vina mahali pa kuviambia vimechomekwa wapi, kama ni kwenye mikisa, kwenye hedifoni, au kwenye amplifaya ya aina fulani. Kila unapobadilisha ukumbi, badilisha na hapo.

Turudi kwa yule mwenzako wa bandia, maana hata ukishampa amplifaya yake bado anaonekana ni bandia. Kwa nini? Ni mwaminifu kupita kiasi. Ukitikisa kidole, naye anatikisa palepale, kwa kasi ileile. Ukianza noti, ameanza papo hapo. Watu wawili hawako hivyo. Ndugu wawili waliopiga pamoja tangu ujana bado mmoja anatangulia kidogo. Kwa hiyo mcheleweshe mwenzako milisekunde 15 au 20. Kwa kipimo cha hewa, hiyo ni kama kusimama mita tano au saba kutoka kwako, umbali wa jukwaa la kawaida. Mpotoshe kidogo sana katika ulinganifu wa nyuzi, senti tano hivi, ikiwa nusu toni nzima ni senti 100. Mpe amplifaya ya aina nyingine: kama wewe uko kwenye Marshall, yeye mpeleke kwenye Fender au Vox yenye mkwaruzo mdogo zaidi. Mshushe sauti awe nyuma yako. Na kama ukumbi una mitambo ya kushoto na kulia, mtenganishe nawe, wewe kushoto kidogo na yeye kulia kidogo.

Kuvuta uzi ndiko kunakomfichua zaidi. Uko kwenye C, unavuta E ifike F, nusu toni moja tu. Mashine inaipa E noti ya G, na F inaipa A, ambazo zimeachana kwa toni nzima. Kidole chako kinapanda taratibu, kisha mahali fulani mashine inaamua kwamba sasa umefika F, na mwenzako anaruka. Mpiga gitaa halisi angevuta uzi wake toni nzima kwa mwendo uleule wa mkono wako, mkafika pamoja. Kwa sasa dawa ninayoipendekeza ni kutovuta uzi ukiwa umewasha hamoni, isipokuwa pale wewe na mashine mnapokwenda umbali sawa, kama kutoka D hadi E, ambapo mwenzako anatoka F hadi G. Kuteleza kutoka kituo hadi kituo ni salama zaidi, na kwenye dansi kunapendeza kuliko kuvuta.

Sasa niingie kwenye jambo linalonigusa zaidi, maana linahusu akili ya muziki wetu. Mashine inajua ufunguo. Haijui kodi, yaani noti ambazo rithimu inazipiga pamoja chini ya solo. Chukua wimbo wa C unaozunguka C, F na G, kama nyimbo nyingi za chemko. Solo inakaa kwenye noti ya C wakati rithimu imehamia F. Mashine kwa utii itakupa E, na E inagombana na F iliyo chini ya miguu yenu, nusu toni moja tu kati yao. Mpiga gitaa wa pili mwenye masikio hawezi kushika E pale. Ataishika A, au F yenyewe, na solo ikirejea kwenye kodi ya C naye anarudi kwenye tatu yake. Hakuna aliyemwandikia. Ameyajua hayo kwa kukaa miaka kwenye viti vya mazoezi, na ukisikiliza rekodi za zamani za muziki wa dansi utasikia hiyo hekima ikitembea: tatu, tatu, tatu, kisha umbali unapanuka kwa pigo moja, kisha tatu tena.

Baadhi ya vifaa vinakuruhusu kuandika jedwali lako mwenyewe, ukaiambia mashine kwamba C ipewe A na D ipewe F. Fanyeni hivyo. Andaeni mipangilio miwili kwa wimbo mmoja, mmoja wa kodi ya C na G, mwingine wa kodi ya F, na mguu ubadilishe wakati rithimu inabadilika. Ni kazi, na inataka ujue kodi za wimbo wako kwa jina, jambo ambalo wapigaji wetu wengi wa sikio wanalifanya kwa mkono bila kulitaja kwa mdomo. Kaeni na walimu wa kwaya. Wao wana nota za do re mi, ninyi mna mikono. Mpiga gitaa akishaweza kuimba sauti ya pili ya wimbo kabla ya kuipanga kwenye mashine, jedwali linajiandika lenyewe.

Kwa wale wa taarabu, onyo fupi. Kwenye rast, mojawapo ya ngazi za noti ziitwazo maqam, mi inakaa kati ya mi ya kawaida na mi iliyoshushwa, na mpiga udi anaipata kwa sababu shingo ya udi haina vituo. Jedwali la mashine lina noti 12 tu. Ukivuta uzi kuifuata rast, hamoni itakuvuta utoke nje ya maqam. Izime.

Kuna mzee aliyeniuliza wakati tunaandaa mhadhara huu kama ninafundisha vijana kumnyang'anya mpiga gitaa la pili mkate wake. Namjibu kwa heshima mbele yenu. Mahali palipo na bajeti ya watu wawili, waajiriwe watu wawili; kwa yale niliyoeleza kuhusu kodi na kuvuta uzi, sina shaka hata kidogo nani anashinda. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja kavu, kidole gumba na cha shahada, na alitoa besi na sauti za juu kwa pamoja. Hakuwa anamnyima mtu kazi. Alikuwa peke yake na alitaka muziki ukamilike. Kijana aliye peke yake leo ana haja hiyohiyo. Na nimeona faida nyingine: anayejifunza kumpangia mwenzake wa bandia anaanza kusikia kazi ya gitaa la pili kwa mara ya kwanza, na akikutana na mpigaji wa kweli anajua amwombe nini.

Mafundi mitambo, nimewaweka mwisho kwa sababu ninyi mnaweza kufuta sehemu ya kazi hii kwa waya mmoja. Kifaa hiki kina matundu mawili ya kutokea, kushoto na kulia. Mkikipa waya mmoja na mkondo mmoja kwenye mikisa, sauti mbili zinarudi mahali pamoja, na ule mtengano wa kushoto na kulia unapotea. Tafadhali kipeni mikondo miwili. Isukumeni yote miwili pamoja, mmoja kushoto kidogo, mwingine kulia kidogo, bila kuitupa pembeni kabisa, maana aliyekaa chini ya spika ya kulia naye amelipa kiingilio na anastahili kuisikia solo. Ondoeni masafa ya chini ya mkondo wa hamoni mpaka 150 hivi. Gitaa la pili halina kazi kule, na mpiga besi atapumua. Kama mikisa yenu imebaki na mkondo mmoja tu, niambieni kabla ya onyesho, nijipange.

Magitaa mawili yako hapa mbele, na kifaa kimeunganishwa. Naomba mpiga solo mmoja na mpiga rithimu mmoja wapande, tupige C, F na G kwa mwendo wa chemko, mara ya kwanza na mashine, mara ya pili mmoja wa wazee ashike gitaa la pili, na maswali yafuate.